Kabla ya Kuuliza Wapi, Uliza Nani Atapika

Hotuba kwa wanandoa wa chama cha walimu cha kuweka na kukopa, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mabwana na kina mama mliofika wawili wawili, na nyinyi mliokuja peke yenu mkamwacha mwenzenu nyumbani amelala: nawashukuru nyote. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya kuchagua pahala pa likizo panapowafaa mume na mke. Mwenyekiti ameshakwambieni kuwa kazi yangu ni kuuza tiketi na kupanga safari hapa mjini, na naona wengine mmekuja na kalamu, mnangoja nitaje hoteli na bei. Bei tutazifikia. Lakini kwa ninavyowaona watu wakija na kuondoka pale dukani, likizo zetu hazivunjwi na bei. Zinavunjwa na jiko.

Tuchukue likizo ya kawaida ya mwalimu wa Pemba. Skuli zimefungwa, Disemba imeingia. Mume anasema, "Safari hii twende Unguja tukapumzike." Wanapanda boti Mkoani na watoto na masanduku na kikapu cha zawadi, wanafikia kwa kaka yake mume, tuseme Mwanakwerekwe. Mume anakaribishwa barazani. Kahawa inakuja, halua inakuja, karata zinachanganywa. Mke naye anakaribishwa, lakini yeye anakaribishwa jikoni. Anasalimiana na mawifi, anavua baibui, anafunga kanga kiunoni, na kabla hajajua mtungi wa maji uko wapi keshapewa nazi. Ataambiwa, "Aa, wewe mgeni, kaa," lakini mwanamke gani humu ndani asiyejua kuwa hilo ni neno la adabu tu? Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mke wa mtu jembe hilo linatoka siku ya kwanza, na lina jina: mbuzi ya kukunia nazi.

Wiki mbili zinapita. Wanarudi. Mume anawahadithia wenziwe kuwa wamepumzika vizuri. Mke hasemi kitu. Mwaka wa pili mume akitaja Unguja, mke anasema mtoto hana raha kifuani. Mwaka wa tatu mume anakuja kwangu peke yake, anaegemea meza, ananiambia, "Bi, mke wangu hapendi kutembea."

Anapenda sana. Hapendi kuhamisha jiko.

Naomba nisieleweke vibaya, maana masheikh wapo hapa mbele. Kuunga udugu ni jambo tuliloamrishwa, na mtoto asiyemjua ami yake ni hasara ya ukoo mzima. Ninachosema ni kwamba ziara ya jamaa iitwe ziara ya jamaa, ihesabiwe siku zake, ipelekewe zawadi zake, na mapumziko yahesabiwe mbali. Mkiwa na siku kumi, tatu zipeni ukoo kwa moyo mweupe kabisa, kuneni nazi mpaka mikono iume. Saba zilizobaki ziwe zenu.

Najua mnachotaka kuniuliza. Nitalalaje nyumba ya wageni Unguja wakati ndugu yangu ana nyumba? Atasemaje? Atasema, na atasema kwa sauti. Hii ndiyo sehemu ngumu ya safari zetu, na watu wa nchi nyengine hawana habari nayo. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumwambia mapema, mume mwenyewe ndiye aseme, na aseme kwa ndugu zake yeye. Asimtupie mkewe, kwa sababu mke akisema atakuwa "yule mwanamke wa kwao aliyemtenga mtoto wetu". Mume apige simu: "Kaka, tunakuja. Jumatano mpaka Ijumaa tuko kwako. Jumamosi nampeleka mwenzangu Jambiani." Neno "nampeleka" hapo lina kazi kubwa. Kaka atacheka, atakutania kuwa umekaliwa, na mambo yatakwisha. Wakwe nao wapigiwe na mtoto wao.

Njia ya pili ni kwenda pasipo na jamaa. Lakini sisi Wapemba hiyo njia ni nyembamba. Mpemba ana ndugu popote penye duka. Nimeshawahi kumpangia mtu safari ya Bara, mji ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia, akashuka kwenye basi akakuta mtoto wa shangazi yake anauza vitambaa mbele ya stendi. Wamelala kwake.

Haya. Tuseme jiko limeshatatuliwa. Sasa ndiyo tunauliza wapi, na hapa kuna neno moja nataka mliogope: "popote". Mke anasema "popote utakaponipeleka" kwa adabu, kisha anafika na uso wake unasema siyo hapa. Mume anasema "chagua wewe", kisha kila kitu kilichochaguliwa kina kasoro, chumba kina joto, samaki hana chumvi. Wote wawili wana jibu. Hawajaulizwa kwa njia inayolitoa.

Mimi siku hizi nikiwakalisha watu wawili mbele ya meza siulizi wanataka kwenda wapi. Nauliza saa. Saa nne asubuhi, siku ya pili ya likizo, ungependa uwe unafanya nini? Na saa kumi na moja jioni? Kila mmoja ajibu bila kumtazama mwenzake. Niliwahi kuwa na wateja, mume fundi wa magari, mke muuguzi. Mume alikuja na Dubai mdomoni, kwa kuwa jirani yake alikwenda. Mke alikuja na "popote". Nilipouliza saa, mke akasema saa nne asubuhi anataka awe amelala na asiwepo mtu wa kugonga mlango. Mtu wa zamu za usiku, mnamfahamu. Mume akasema saa hiyo anataka awe anazunguka kwenye maduka ya vipuri, aguse, aulize, asinunue kitu. Nikauliza na saa kumi na moja. Wote wakasema kitu kimoja: kutembea mahali ambapo hakuna anayewajua, wakila kitu cha njiani.

Basi Dubai ya nini? Walikwenda Dar es Salaam, chumba chenye chai ya asubuhi. Mke alilala. Mume alikuwa Kariakoo akipigana vikumbo na furaha yake. Jioni walikutana, wakenda Coco Beach kula mihogo ya kukaanga. Siku nzima walikuwa mbalimbali, na walirudi wakichekeana kuliko watu wengi ninaowauzia tiketi. Nalisema hili kwa sababu kuna dhana kwamba likizo ya mume na mke maana yake ni kufungamana tangu alfajiri mpaka isha. Wengine wanapenda hivyo, Mungu awazidishie. Lakini mji unaowafaa nyote mara nyingi ni ule unaowaruhusu kuachana asubuhi bila mmoja kubaki amekaa kitandani akihesabu boriti za dari.

Kuna jambo jengine letu sisi. Matangazo yote ya likizo yanaonesha bahari. Yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya, aliyemaliza miezi ya baridi na giza, anayetaka jua na mchanga. Wewe mchanga umeukanyaga tangu hujaota meno. Mwalimu wa Wete akinambia anataka likizo ya pwani, namuuliza mara mbili, huenda anayasema maneno ya tangazo. Wengi wetu, tukiulizwa vizuri, tunataka baridi. Tunataka kujifunika blanketi. Mtu kama huyo namwambia Lushoto, milima ya Usambara, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Basi linaacha barabara kuu Mombo, linaanza kupanda mlima kwa mapindi kilomita thelathini na kitu, na mkifika miezi ya Juni na Julai pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Pale Irente mnasimama juu ya jabali mnaitazama nchi tambarare chini kabisa. Ila kama mwenzako anaumwa magoti au hawezi mapindi ya gari, Lushoto si kwenu, hata wewe uipende vipi.

Wengine wanataka kuona wanyama, na hapa nawatahadharisha: mara nyingi ni mmoja tu anayewataka wanyama. Mwengine anataka picha aliyopiga na wanyama. Tofauti yake inaonekana saa kumi na moja alfajiri, gari linapopiga honi. Kwa hao sianzi na Serengeti, nawaanzisha Mikumi. Tangu 2024 ipo treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro hadi Dodoma. Kufika Morogoro ni mwendo wa kama saa mbili, na kutoka hapo Mikumi ni kiasi cha kilomita mia kwa gari. Barabara kuu ya Iringa inaikata hifadhi yenyewe, hivyo asiyependa safari za porini anaweza kuwaona twiga na pundamilia akiwa hajatoka lami. Na anayependa treni, maana wapo wanaume wazima wanaopenda treni na hawasemi, naye amepata sehemu yake. Mkishajua kuwa wote wawili mnastahamili vumbi na alfajiri, hapo ndiyo mwende Ngorongoro. Chukueni masweta. Ukingo wa lile bonde umezidi mita 2,200, na nguo za Chake hazifai usiku wake. Mtanzania kiingilio chake cha hifadhi analipa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo msiogopeshwe na bei za dola mnazoziona mitandaoni.

Kama mmekubaliana kweli kuwa ni bahari, basi jueni ni bahari ipi. Unguja ni kisiwa kimoja, lakini fukwe zake hazifanani tabia. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji yanakupwa yakaenda mbali sana, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Anayetaka kuogelea saa anayoitaka yeye atakasirika, ataona ameuziwa tope. Lakini anayetaka kutembea juu ya mwamba, kuwaona kina mama na mashamba yao ya mwani, kuokota na kuuliza, huyo atasahau kula. Kendwa na Nungwi, kaskazini, maji hayaendi mbali na mtu anaogelea karibu saa zote, ila kuna mziki wa usiku na mabaa, na mke au mume asiyetaka hayo hatapata usingizi. Kizimkazi pana pomboo asubuhi, na pale Dimbani pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mmoja ende na mashua, mwengine ende msikitini, wakutane kwenye chakula. Na mwenye kupenda zogo asubiri Julai apelekwe Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, akaone wanaume wanavyocharazana kwa magomba huku wanawake wanawaimbia.

Kina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo mabwana hawaliulizi: nitaogea wapi? Mume anajitosa na kikoi. Mke anakaa ufukweni na baibui lake, analinda viatu. Ulizeni kabla ya kulipa: je, hoteli ina pahala pa wanawake, au saa za wanawake peke yao? Chakula chake kikoje, msikiti uko umbali gani? Kama majibu hayaridhishi, tunayo Vumawimbi yetu, kule nyuma ya msitu wa Ngezi. Nendeni siku ya kazi. Mtakuta mchanga mrefu mweupe na labda ng'ombe mmoja.

Na hapo nimefika pahala ninapopapenda, kwamba Pemba yenyewe hatuijui. Wapo wageni wanaotoka ng'ambo kuja kulala chini ya bahari huko kaskazini, chumba kimezama majini, samaki wanapita dirishani. Nilimsimulia mume wangu, akanijibu samaki keshamwona vya kutosha. Sawa. Lakini ni wangapi humu wamelala Makangale wakasikiliza komba wa Ngezi usiku? Ni wangapi wamepanda mashua Wesha wakenda Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998, wakatia vichwa majini kutazama matumbawe? Kidike wako popo wa Pemba, wasiopatikana pahala pengine duniani, mabawa yao yakitanuka huzidi mita moja na nusu. Mke wako akichukia popo, mwache kwenye kivuli. Siku mbili za kulala nje ya nyumba yenu, kisiwa hiki hiki, bila jiko, zinaweza kumpumzisha mtu kuliko wiki mbili za Mwanakwerekwe.

Wenye wake wawili, hesabu yenu siiwezi. Nendeni Pujini mkatazame magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa Pemba wa zamani. Inasimuliwa kuwa kisima chake alikitia ukuta katikati, mke mmoja akiteka maji kwa kamba na mwengine akishuka kwa ngazi, wasionane. Mimi nauza tiketi, kuta sijengi.

Sasa nataka kusema jambo ambalo halichekeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu. Hakuna mtaa wa Pemba usiojua maana ya tarehe ile. Wapo watu, na wengine wamo humu, ambao tangu hapo hawapandi chombo usiku, au hawapandi chombo kabisa wakati wa upepo wa kusi. Hawapendi kulieleza. Watasema kichwa kinauma, watasema pesa haitoshi, watasema tungoje mwakani. Ukiwa na mwenzako wa namna hiyo, tafadhali usimwambie boti za siku hizi ni kubwa, wala usimchekee mbele ya watoto. Ndege kutoka hapa hadi Unguja ni kama nusu saa. Ni ghali kuliko boti, ndiyo. Punguzeni siku mbili za likizo mlipie ndege. Na kama hata ndege haitaki, basi Ngezi na Misali nimeshazitaja, na Misali yenyewe muiache mpaka upepo ulale na bahari iwe shwari, au muiache moja kwa moja. Safari ambayo mmoja anaianza akitetemeka si likizo ya wawili.

Kwa hao wasioogopa ila wanatapika tu, nasema hivi: Juni mpaka Agosti kusi inapovuma, mkondo ule haumwonei mtu haya. Safirini asubuhi, kaeni katikati ya boti, na mwenye tumbo dhaifu ndiye achague kiti.

Fedha. Nitapita haraka, kwa sababu hapa ndipo nyumba za watu zilipo na mimi si mzee wa ukoo. Matumizi ya nyumba ni ya mume, na mali ya mke ni yake. Mnayajua haya kuliko mimi. Lakini siku hizi wote wawili mna mshahara na wote mna hisa katika chama hiki, na mke akichangia safari, achangie na uamuzi. Nimeona fedha za mke zikilipia tiketi nne, halafu anaulizwa akae kiti cha dirishani au cha njia, na hapo ndipo ushauri wake unapoanzia na unapokwisha. Wenye mikarafuu nao, mkitoka ZSTC, shirika linalonunua karafuu, na bahasha msiende moja kwa moja kwangu kukata tiketi. Piteni nyumbani kwanza.

Na Umra. Hapa nitakosana na baadhi ya wateja wangu. Umra ni ibada, ina nia yake na taabu zake, miguu inavimba na usingizi unapungua. Mtu asimpeleke mkewe Umra kisha akamwambia likizo yake ya miaka mitano ameshaipata. Anayetaka kuunganisha na Oman kwa jamaa, sawa, Waomani wenyewe wanakimbilia Salalah, kusini mwa nchi yao, kati ya Juni na Septemba, milima inageuka kijani na manyunyu yanateremka kutwa. Lakini tumeshazungumza habari ya kufikia kwa jamaa, na jiko la Muscat nalo ni jiko.

Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Nahodha wawili katika likizo si lazima wagombee usukani, wanaweza kupokezana zamu. Siku hii ni ya mume: anachagua pa kwenda, pa kula, saa ya kurudi, na mke hanung'uniki hata akipelekwa kutazama mtambo wa meli. Kesho ni ya mke, na mume anabeba mfuko. Mkifika na watoto, wapeni nao siku moja, ya katikati, wakati bado mna nguvu. Siku ya mwisho isiwe ya mtu, maana siku ya mwisho ni ya kutafuta chaja iliyopotea.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeanza kunyanyuka upande wa kina mama, na upande wa mabwana watu wanatazama simu. Nianze na yule bibi aliyekaa karibu na dirisha. Na anayetaka bei za Disemba anifuate dukani baada ya salaamu, aje na mwenzake.